Jinsi ya kufuatilia ndege wa porini ukiwa nyumbani kijijini, msimu kwa msimu

Ndege wa porini unaweza kuwafuatilia mwaka mzima bila kwenda hifadhi yoyote na bila kulipa kiingilio, unachotakiwa ni kukaa sehemu ile ile kila siku na kujua sasa hivi tuko mwezi gani. Hilo la mwezi ndo watu wengi wanaliruka. Mtu ananunua darubini, anapakua apu, anahangaika na rangi za manyoya weee, wakati nusu ya jibu iko kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu kuna ndege ambaye ukidhani umemwona mwezi wa saba ujue siye, mwezi wa saba yeye yuko Ulaya au Siberia analea watoto. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, huwezi kuzibeba zote kichwani, ila ukishajua nani anakuwepo mwezi huu kwenye eneo lako hesabu inapungua sana, na hapo ndo mambo yanaanza kunoga.

Naandika zaidi kwa watu wa huku Muheza na vijiji vya chini ya Usambara Mashariki, kwenye machungwa na minazi, ila mtu wa Kwale, Kilifi, Bagamoyo au Morogoro atatumia karibu yote haya, asogeze tu wiki kadhaa mbele au nyuma. Mtu wa Dodoma au Singida wenye mvua moja tu kwa mwaka atalazimika kuunganisha vuli na masika yawe kitu kimoja, miezi ya wageni wa kaskazini, yaani ndege wanaotoka Ulaya na Asia, haibadiliki sana.

Pa kukaa na cha kushika

Chagua sehemu moja. Baraza inatosha, au kigogo nyuma ya jiko, mradi unaona mti mmoja mkubwa, kipande cha anga, na sehemu ambayo maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa, maana pale uwani kwenye unyevu ndege wengi wadogo wanashuka. Usizunguke shamba zima. Ukikaa kimya robo saa ndege wanakuzoea na kuendelea na shughuli zao, ukitembea tembea unaona migongo yao tu. Na uwe na mgongo kwa jua, asubuhi utazame magharibi, la sivyo kila ndege atakuwa mweusi.

Muda mzuri ni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 2 hivi, alafu tena saa 11 jioni jua likipoa. Mchana wa kiangazi usijichoshe, isipokuwa kwa mwewe na tai ambao wao ndo kwanza wanasubiri hewa ya joto iwanyanyue.

Darubini siyo lazima siku ya kwanza. Ukija kununua tafuta yenye namba 8x42 au 8x32, ile ya kwanza ni mara ngapi inakuza na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganyike na zile za mtumba zimeandikwa 20x au 30x, mkono ukitikisika kidogo tu ndege anarukaruka ndani ya kioo huoni kitu. Nyanyua darubini ukiwa hujaondoa macho kwa ndege, yaani macho yabaki kwake na darubini iletwe machoni, ukitazama chini kutafuta darubini umeshampoteza.

Kitu cha lazima ni kaunta buku na penseli. Kalamu ya wino ikilowa mvua ukurasa unakwisha, penseli inavumilia. Kila siku andika tarehe, saa, hali ya hewa, kama mvua imenyesha jana usiku, alafu ndege uliowaona na wanafanya nini. Hiyo "wanafanya nini" ina thamani kuliko jina. "Shorewanda amebeba nyuzi mdomoni kaingia kwenye mchongoma" ni taarifa kamili, "shorewanda" peke yake ni nusu. Usiyemjua mchore hata kwa vijiti, andika ukubwa wake ukimlinganisha na unaowajua, mdogo kuliko shomoro, mkubwa kuliko hua, alafu umbo la mdomo, mkia, na alikuwa chini au juu ya mti. Rangi weka mwisho kwa sababu mwanga unadanganya.

Vuli, hapa ndo uanzie

Mtu akiniuliza aanze lini namwambia mwezi wa tisa mwishoni au wa kumi. Joto linaanza kupanda, mawingu yanajikusanya, na wageni wanaingia.

Wa kwanza kumtafuta ni mbayuwayu wa Ulaya. Ana uzito wa gramu kama 20 hivi, na ametoka Ulaya au Asia, kavuka jangwa. Shida ni kwamba huku tuna mbayuwayu wetu wenyewe wanaojenga vijumba vya matope chini ya paa, kwahiyo angalia koo na kifua. Mgeni juu ni buluu iliyokoza inayong'aa, paji la uso na koo ni rangi ya kutu, alafu chini ya koo kuna mkanda mweusi kabla ya tumbo jeupe. Yule wa kwetu wa kawaida kichwa na kiuno ni rangi ya kutu na kifua cheupe kimejaa michirizi myeusi. Mgeni hajengi kiota huku hata siku moja, ukimwona anaingia kwenye kijumba cha matope siye yeye. Na wale wenye mbawa nyembamba zilizopinda wanaopita kwa kasi na kelele juu ya mnara wa msikiti au kanisa ni teleka, teleka hatui kwenye waya kabisa miguu yake haimruhusu, kwahiyo chochote kilichotua kwenye waya wa umeme kitoe kwenye orodha ya teleka.

Sasa hapa kuna kitu kimoja ambacho ukikifuatilia mwaka mmoja hutaacha tena. Mbayuwayu wa Ulaya wakifika mwezi wa kumi watazame vizuri wakiwa wametua, wamechakaa, manyoya yamefifia, wengi ni vijana wa mwaka huo wenye koo lililopauka, na ile mikia miwili mirefu haipo au imekatika. Wanabadilisha manyoya wakiwa huku huku Afrika, pole pole, unyoya mmoja mmoja kila upande ili waendelee kuruka. Mwezi wa kwanza utaona bawa lina pengo. Ukifika mwezi wa tatu ni ndege wengine kabisa, buluu inawaka, mkia umechongoka pande mbili. Hapo wako tayari kwa safari. Huhitaji maabara kuona hilo, unahitaji waya mmoja wa umeme karibu na nyumba na uvumilivu wa miezi sita.

Wengine wa kusikiliza mwezi wa kumi ni keremkerem wa Ulaya. Huyu utamsikia kabla ya kumwona, mlio laini wa "prrup prrup" kutoka juu sana, inua macho utaona kundi linapita likielekea kusini. Na kwenye mchungwa au mwembe kuna kadege kadogo sana, juu kijani cha kufifia, chini njano ya kufifia, kana mstari mweupe juu ya jicho, hakatulii, kanapekua jani moja moja kutafuta wadudu. Hako nako kametoka kaskazini, gramu 10 tu na wengine wametokea mpaka Siberia. Mtu anaishi miaka yote na hawa ndege juu ya kichwa chake hajui, inaniuma kwa kweli, kwa sababu hawajifichi.

Mvua za kwanza zikipiga subiri kumbikumbi. Siku kumbikumbi wanatoka acha kazi kama unaweza. Kila anayeweza kuruka anakuja, mbayuwayu, teleka, keremkerem, mwewe anawadaka kwa miguu na kula hewani, mramba, yule mweusi wa mkia uliogawanyika na jicho jekundu, anatoka kwenye tawi, anadaka, anarudi tawi lile lile. Mwezi wa 11 na wa 12 kwenye mkusanyiko kama huo angalia kozi wadogo wenye mbawa nyembamba, wengi kwa pamoja, dume kijivu na nyekundu kwenye mapaja na miguu. Hao ni kozi wa Amur. Wanazaliana Siberia mashariki na kaskazini mwa China, wanapita India, alafu wanakatiza Bahari ya Hindi moja kwa moja mpaka Afrika Mashariki, wakiwa njiani kwenda kusini mwa Afrika. Wanakaa kwako siku moja au masaa tu, wakiondoka wameondoka, ndo maana nasema andika siku hiyo hiyo usisubiri kesho.

Na kuna wa kusikia tu. Dudumizi, wengine wanamwita tipitipi, mlio wake unashuka kama maji yanavyotoka kwenye chupa iliyoinamishwa. Wazee wanasema anaita mvua, weka alama kila siku anapolia na kila siku mvua inaponyesha uone mwenyewe kwako inakuwaje. Kuna kekeo mwenye kifua chekundu, sauti tatu zinashuka, anarudia kutwa nzima na hata usiku, unaweza kumsikia wiki tatu usimwone. Huyu hajengi kiota, jike anataga kwenye viota vya ndege wengine wadogo nao ndo wanamlelea. Ukisikia anaanza tu, andika tarehe, hiyo ni moja ya tarehe tamu sana kuja kulinganisha mwaka na mwaka.

Kaskazi na joto lake

Mwezi wa kwanza na wa pili jua kali, upepo wa kaskazi, majani yanakauka. Wageni wametulia, kila mmoja ana eneo lake. Yule mdakanzi wa Ulaya wa kahawia mwenye michirizi kifuani anayekaa wima kwenye ncha ya kijiti utamkuta kijiti kile kile asubuhi na jioni. Huu ndo wakati wa kujifunza kumtambua ndege kwa tabia, maana yuko pale pale, unaweza kumrudia kesho.

Na ndo wakati wa maji. Sahani pana ya udongo au sinia lililotoboka ukaliziba, maji yasizidi sentimita 4 au 5, weka jiwe katikati wapate pa kusimama, lisogee karibu na kichaka wapate pa kukimbilia ila siyo karibu sana mpaka paka akajificha humo. Badilisha maji kila siku au siku mbili, mbu anahitaji kama wiki moja au zaidi kukua kutoka yai kwahiyo ukibadilisha hatapata nafasi. Kwenye kiangazi kikali sinia hilo litakuletea ndege ambao hata hukujua wapo, pugi, chiriku, ninga wa kijani kama kuna mkuyu jirani, na wale wadogo wekundu wanaotembea makundi kwenye majani.

Nafaka sishauri sana. Ukimwaga mtama kila siku unapata shomoro, njiwa na panya basi, na panya wakija nyoka anafuata. Maji na miti inaleta aina nyingi zaidi.

Masika: wageni wanaondoka, wenyeji wanavaa

Mwezi wa tatu mambo mawili yanatokea kwa pamoja na lazima uyatenganishe kwenye daftari.

La kwanza ni kuondoka. Kale kadege kadogo ka kijani nilikokataja, ambako toka mwezi wa kumi kalikuwa kanalia "hu-wit" tu, mwezi wa tatu kanaanza kuimba, sauti tamu inayoshuka taratibu, kanaimbia kwenye mwembe wako wimbo ambao kataenda kuumalizia huko kanakozaliana. Ukiusikia ujue siku zimebaki chache. Mbayuwayu wanajipanga kwenye waya wengi wengi jioni alafu asubuhi moja waya uko wazi. Mwisho wa mwezi wa tatu na mwanzo wa wa nne angalia chole wa Ulaya, ndege wa buluu ya mbingu na mgongo wa kahawia, ukubwa kama wa njiwa, wanapita ukanda huu wa mashariki wakirudi kaskazini kupitia Somalia, wakati mwingine makundi makubwa yametapakaa angani. Tarehe ya kuondoka ni ngumu kuliko ya kufika kwa sababu huwezi kujua leo ndo mwisho, kwahiyo kuanzia mwezi wa tatu andika kila siku "yupo" au "hayupo". Usiandike tu ukimwona, kutokuwepo nako ni taarifa.

La pili ni wenyeji kuvaa. Yule ndege wa kahawia uliyempuuza mwaka mzima kwenye majani ghafla ni mwekundu na mweusi anawaka juu ya bua la mtama, yule mwingine ameota mkia mrefu mara mbili ya mwili wake, anarukaruka hewani juu ya jike akijionyesha. Ni dume, na mvua ikiisha mkia utadondoka arudi kahawia. Huyu wa mkia mrefu naye ni mtegemezi, anataga kwenye viota vya wale wadogo wenye midomo myekundu.

Ila kama una mnazi au mti umeinamia maji na mnana wamejenga hapo basi huna haja ya kwenda popote. Vuta kiti. Dume anachana jani la mnazi au la mhindi, anang'ata pembeni, anaruka nalo utepe mrefu unachanika wenyewe. Anafunga tepe ya kwanza kwenye kijiti kwa kushika na mguu na kupitisha mdomo, anaendelea mpaka anapata pete. Anasimama ndani ya hiyo pete, na kila kitu kinachofuata anakisuka kwa urefu ambao mdomo wake unafika, mbele chumba, nyuma mlango unaotazama chini. Akimaliza ananing'inia kichwa chini pale mlangoni anatetemesha mbawa na kupiga kelele jike aje kukagua. Jike anaingia, anavuta vuta nyuzi, anatoka anaenda kwa jirani. Kiota kikikaa siku kadhaa bila kupata jike kinakauka kinakuwa cha kahawia na majike hawakitaki tena, dume anakibomoa mwenyewe anaanza upya sehemu ile ile. Jike akikubali ndo anaingiza majani laini ndani atage. Mayai ya mnana mwenye kichwa cheusi yanatofautiana jike na jike, mengine buluu, mengine meupe, mengine yana madoa, na hii inamsaidia kulitambua yai la kekeo wa kijani anayezunguka koloni akitafuta upenyo. Chagua kiota kimoja, kipe namba, kifuatilie toka pete mpaka vifaranga. Tukilalamika kwamba mnana wanachana minazi ni kweli wanachana, ila mara nyingi mnazi ulioshikwa na koloni moja haufi.

Viota vyote, vya mnana au vya wengine, tazama kwa mbali. Usiende kila siku kuchungulia, unaacha njia, nyasi zinalala, na kunguru wana akili, wanaangalia unapotazama. Kama mzazi amebeba chakula mdomoni na hataki kuingia kiotani uko karibu mno, rudi nyuma. Picha ya kifaranga haina maana kama kifaranga chenyewe kitaliwa jioni.

Kipupwe, na wale wa kutoka Madagaska

Watu wanaacha kuangalia mwezi wa sita wakidhani wageni wameisha. Siyo kweli. Kusi ikianza kuvuma zamu inabadilika, wa kaskazini wametoka na wa kusini wanaingia. Keremkerem wa Madagaska anakuja ukanda wetu kuanzia mwezi wa nne au wa tano na kuondoka kwenye wa tisa hivi, rangi ya kijani iliyofifia na kichwa cha kahawia cha mzeituni, ukiwa na daftari lako la vuli huwezi kumchanganya na yule wa Ulaya wa mgongo wa rangi ya dhahabu, kwanza hata miezi haigongani sana. Yupo pia kekeo wa Madagaska, na kama una bwawa au majaruba ya mpunga jirani fungua macho, kuna kulasitara mdogo wa Madagaska ambaye ni adimu na yuko hatarini kutoweka, wakati huu anakuwa na mgongo wa kahawia na anaruka na mbawa nyeupe. Ukimpata tuma taarifa zake, nitaeleza chini.

Alafu wapo wanaoshuka mlimani. Amani, kule juu kwenye Usambara Mashariki, iko mita kama 900 toka usawa wa bahari, baridi ya mwezi wa saba ikikaza baadhi ya ndege wa msituni wanateremka kwenye mabonde na misitu midogo ya chini. Mmoja ni kadege ka kichwa kijivu, tumbo la njano kali, kana doa jeupe mbele ya jicho, kanapenda kivuli kizito. Kama shamba lako lina kakipande ka msitu kwenye korongo au chanzo cha maji, kaa hapo asubuhi za mwezi wa saba na wa nane. Hondohondo wakubwa nao wanafuata mikuyu iliyoiva, unasikia mbawa zao zinavuma kabla hujaona kitu. Jike wao akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti mkubwa, mlango unazibwa kwa udongo unabaki ufa mwembamba, na dume anamlisha kupitia huo ufa mpaka vifaranga wakue. Kwahiyo ukikata mti mkubwa wenye tundu umeondoa nyumba ambayo haitapatikana tena kwa miaka mingi, hili naomba sana watu wa vijijini tulichukulie kwa uzito.

Kipupwe pia ndo msimu wa chozi kwenye maua. Mshubiri ukitoa maua yake mekundu kwenye ukame, na ua la mgomba, vinatosha. Angalia rangi za madume, aina nyingine dume akimaliza kuzaliana anapauka anakuwa na mabaka, usiandike aina mpya kumbe ni yule yule. Jike wa chozi anapenda kuning'iniza kiota kwenye kamba ya nguo au waya wa taa barazani, kinaonekana takataka tu, majani makavu na utando wa buibui. Mwambie anayefagia.

Kuwafanya wabaki

Panda mforsadi, acha mkuyu, acha mapapai mawili matatu yaivie juu kwa ajili ya shorewanda na kuzumburu. Mnazi uliokufa kichwa kama hauko karibu na nyumba usiukate, kigogota anatoboa, akihama wengine wanaingia. Dawa za shambani punguza, zinazoua viwavi zinaua chakula cha vifaranga, na sumu ya panya ndo mbaya kuliko zote kwa bundi maana panya aliyekula sumu anatembea kilegevu na bundi anamdaka huyo huyo.

Kuhusu bundi naomba nieleweke. Najua tunavyoamini, najua akilia juu ya paa nyumba inakosa raha. Lakini huyu analia kwa sababu anaita mwenzake au analinda eneo, na usiku huo huo anakula panya wanaokula mahindi yako ghalani. Tafuta chini ya mti anaolala, utakuta madonge ya kijivu aliyoyatema, loweka donge moja kwenye maji ulifumue kwa kijiti, ndani kuna mafuvu ya panya na mifupa yao. Waonyeshe watoto. Nimeona hicho kitu kinabadilisha mtu mzima kuliko maneno.

Kunguru wale wenye shingo ya kijivu ni habari nyingine. Siyo wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakasambaa pwani yote, wanakula mayai na vifaranga vya ndege wadogo. Kinachowaleta ni taka. Fukia mabaki ya chakula, funika shimo la taka, utaona ndege wadogo wanaongezeka uwani.

Na watoto wenye manati na ulimbo, usiwafukuze. Mpe mmoja daftari, mwambie kazi yake ni kujua kiota kipi kimepata vifaranga. Wao ndo wanajua viota vyote vya kijiji, wanaona kuliko sisi. Majina waulize bibi na babu zao, wa Kisambaa na Kibondei, yaandike pembeni ya la Kiswahili, maana kuna ndege wana jina zuri la kilugha ambalo halijaandikwa popote.

Taarifa zako zisikae bure

Kama una simu janja pakua Merlin na eBird, zote za bure, zinatoka chuo kikuu cha Cornell Marekani. Merlin shusha pakiti ya ndege wa eneo lako mara moja ukiwa na bando au waifai, baada ya hapo inafanya kazi bila mtandao. Sehemu yake ya kutambua sauti isikufanye uache kutumia masikio yako, ichukulie kama mtu anayekisia, ikikupa jina mtafute ndege kwa macho uhakikishe. eBird ndo ya kuingizia orodha, unaweka mahali, muda ulioanza, dakika ulizokaa na idadi, na orodha ya nyumbani iliyorudiwa wiki hadi wiki ina faida kubwa kwa sababu kutoka vijijini kwetu taarifa ni chache, nyingi zinatoka kwenye hifadhi wanakoenda watalii. Kama una kitochi tu, daftari linatosha, kila mwisho wa mwezi mpe mwenye simu akuingizie. Siku za kuweka alama kwenye kalenda ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano na ya mwezi wa kumi, ni siku ya ndege wahamaji duniani, watu nchi nyingi wanahesabu siku hiyo.

Mwisho ni hili la pete. Siku moja unaweza kuokota mbayuwayu au korongo aliyekufa mwenye pete ndogo ya chuma mguuni. Usiitupe na usiifanye kidani. Soma namba zote na maandishi yote yaliyozunguka, hata herufi moja, ipige picha pande zote, andika tarehe na mahali. Pete nyingi zina anuani au tovuti ya kituo kilichomvisha, za Ulaya zinaripotiwa kupitia tovuti ya EURING, za Afrika Kusini kupitia SAFRING iliyoko Chuo Kikuu cha Cape Town, na mara nyingi wanakujibu alivishwa wapi na lini. Kama ndege yuko hai usimvue, soma haraka mwachie. Mfu mshike kwa mfuko wa nailoni mkononi, na ukikuta ndege wengi wamekufa kwa pamoja usiwaguse kabisa, mpigie mtaalamu wa mifugo wa kata, na kuku wako wafungie ndani mpaka aje.